Kikohozi cha Baba na Somo la Hoja Potofu

Mwaka wangu wa mwisho wa lise, shule yetu ya sekondari, mwalimu wetu wa Kiingereza, mama mmoja mzaliwa wa Uvira, aliweka kando orodha ya misamiati tuliyozoea kukariri, akaandika ubaoni kwa Kiingereza: "Jumatatu nilinunua mwavuli. Jumanne Ziwa Tanganyika likafurika. Kwa hiyo mwavuli wangu umefurisha ziwa."

Tukacheka.

"Munacheka nini?" akauliza. "Munionyeshe kosa iko wapi."

Hakuna aliyeweza. Tulijua ni upuuzi, lakini hatukujua upuuzi huo umeingilia wapi. Akatufundisha kwamba makosa ya kufikiri yana majina: kuna kumshambulia msemaji badala ya neno lake, kuna kumpa mtu njia mbili wakati ziko nne. Na kuna hilo la mwavuli, kudhani kilichofuata kimesababishwa na kilichotangulia.

Nikawa kama mtu aliyevishwa miwani. Shangazi akisema, "Usimusikilize ule, hata kupika hajui," mimi naandika kwenye daftari. Nilitaka kujua watu wote wa mtaa wetu wa Bwiza wanakosea vipi.

Baba alikuwa fundi wa magari, na mwezi ule alikuwa ameanza dawa za presha. Siku moja mama akaniita jikoni, uso umemshuka. Baba ameacha dawa. Kaka yake mama alikuwa ameanguka kwa presha hiyohiyo, hakuamka.

"We ndiye unasoma," akasema. "Muongeleshe."

Nilimkuta baba gereji, ameinama kwenye injini, akikohoa.

"Baba, juu ya nini umeacha dawa?"

"Zinanikoholesha. Mbele ya dawa sikukuwa nakohoa. Nimeanza dawa, nimeanza kukohoa."

Moyo wangu uliruka kwa furaha, naona haya kusema. Mwavuli ule, mzima mzima!

"Baba, iyo ni kosa ya kufikiri. Kitu kuja nyuma ya kingine si kusema kimeletwa nacho."

Akajifuta mikono kwa kitambaa, taratibu. "Sawa. Gari inaingia hapa inatembea muzuri. Nagusa breki, inatoka inalia. Kosa iko wapi?"

"Labda kwa breki."

"Labda. Basi nafungua tena, naangalia. Sisemi tu apana."

Nilichoweza ni kumwomba twende wote kituo cha afya tukaulize, na asubuhi yake tukaenda. Muuguzi alimsikiliza, akamuuliza kama kikohozi ni kikavu, kisha akaitikia kwa kichwa.

"Mzee, hukukosea. Iyo dawa inajulikana, kuna watu inawakoholesha. Lakini ulipaswa kurudi hapa, si kuacha."

Daktari akambadilishia. Baada ya wiki chache kikohozi kikaisha, na mama akarudi kulala usingizi wake. Baba hakunicheka hata kidogo. Siku ile, njiani tukirudi kutoka kituoni, aliuliza tu, "Iyo kosa yenye uliniambia, kwa Kiingereza wanaiita namna gani?" Nikamwambia, akalirudia jina lile mara tatu, akilionja.

Lakini mimi nilikuwa nimevurugika. Hoja ya baba ilikuwa mbovu, na bado jambo lenyewe lilikuwa kweli. Inawezekanaje? Kipindi kilichofuata nilimsimulia mwalimu mbele ya darasa zima. Akaweka chaki chini.

"Na wewe ulikosea," akasema, macho yakimng'aa, "na kosa yako pia ina jina: kudhani kwamba hoja ikiwa mbovu, jambo lenyewe ni la uongo."

Msichana mmoja wa Ruziba, aliyekaa nyuma na ambaye hakuwa mwepesi wa kusema, akanyanyua mkono. "Sasa, madamu, na kama mwavuli kweli ulifurisha ziwa?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Tulibishana, kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga, mpaka kengele ikalia na wanafunzi wa darasa jingine wakaanza kugonga mlango wakidai chumba chao.