Roketi za Safari Moja

"Laki mbili kwa maneno yangu!" nilimwambia fundi madishi wa Kanyenye, hapa Tabora, mbele ya wateja wake. Shule moja ilimlipa hela hizo awaeleze wanafunzi biashara ya kurusha setilaiti. Hoja nilimpa mimi, bure, hapo hapo kwenye kaunta yake: roketi inayoruka mara moja na kutupwa itakosa wateja, maana hata tajiri wa msafara wa zamani alimtaka mpagazi wa kufika pwani na kurudi Tabora.

Fundi alifuta bisibisi kwenye suruali, taratibu. "Kaka, mimi niliongeza yangu. Mwenye setilaiti akiwa na haraka, hangoji foleni ya roketi inayorudi. Atalipia ya kutupwa."

Mama mmoja aliyeleta rimoti akadakia, "Na huyo mpagazi ni babu yangu. Mlimwomba ruhusa?"

Watu wakacheka. Nakiri, wivu uliniuma kuliko hasira. Nimejisomea roketi miaka mingi kwenye simu iliyopasuka kioo, na hakuna aliyewahi kunialika popote. Nyongeza yake ina akili, na hilo ndilo linalonikera zaidi.

Hela abaki nazo. Jumatatu arudi shuleni, awaambie wanafunzi kwamba hoja ya mpagazi ni yangu.