Hedifoni za Wifi Yangu

Wifi yangu ni mtu wa kuogopa mambo kabla hayajatokea. Ukimwambia mawingu yametanda, yeye ameshaona paa limeng'oka. Nilipoolewa na kaka yake nilidhani ni kudeka, nikawa namcheka, mara nyingine kimoyomoyo na mara nyingine usoni kabisa. Siku hizi nimepunguza, na kilichonipunguza ni hedifoni.

Kazi yake ni kuandika maneno ya watu wengine. Baraza la usuluhishi likikaa, kila linalosemwa linarekodiwa, kisha rekodi inaletwa kwake aisikilize na kuipiga chapa neno kwa neno, pamoja na kikohozi cha mwenyekiti. Anafanyia kazi nyumbani, chumba cha mbele, kwenye meza ambayo zamani ilibeba cherehani yangu. Mle barazani kuna maikrofoni mbili: sauti ya mwenyekiti inaingia sikio la kushoto, za wenye kesi zinaingia la kulia. Kwa hiyo hawezi kusikilizia sikio moja. Akivua upande mmoja, nusu ya kesi imepotea.

Chumba cha pili amelala mama mkwe wangu. Kiharusi kilimpiga mwaka juzi, kikaondoka na upande wa kushoto na karibu sauti yote. Maneno anayo, ila yanatoka polepole na chini, sharti umwinamie. Akitaka kitu hugonga ukuta kwa kijiko, na kijiko hicho hakitoki mkononi mwake tangu asubuhi. Mwanzoni mwa mwaka aliteleza kitandani akaumia nyonga. Tangu siku ile wifi anaishi roho juu. Daktari alishasema akianguka tena mambo yatakuwa mengine.

Hedifoni zake za zamani zilikuwa zimekufa upande mmoja. Kwa wiki mbili alisikiliza kila kesi mara mbili, akizigeuza, kushoto kwanza halafu kulia, na kijiko cha mama kikimfikia kupitia ule upande uliokufa. Halafu na upande wa pili ukazimika. Fedha aliyokuwa nayo ilitosha pea moja ya wastani. Nilimwambia achukue zozote zitakazomkaa kichwani.

"Wewe unashona, wifi," akanijibu. "Ukikosea unafumua."

Nikamsindikiza dukani huku nguo za watu zikinisubiri. Fundi wa pale, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, aliweka pea mbili juu ya kaunta.

"Hizi zimezibwa nyuma," alisema. "Ukivaa, umebaki wewe na rekodi yako. Hizi nyingine zina matundu nyuma, kama chujio la chai. Sauti ya ndani inatoka kidogo, ya nje inaingia. Hazichoshi masikio, na sauti yake ni nzuri zaidi. Bei nayo imezidi kidogo."

"Nikivaa za kuzibwa, mtu akigonga ukuta chumba cha pili nitasikia?"

"Dada, hata akigonga kaunta hii hutasikia."

"Na hizi za matundu, aliye nje atasikia ninachosikiliza?"

"Kama nyumba iko kimya, kidogo atasikia."

Wifi akashika tama. Mambo ya baraza ni siri, na ametia sahihi kwamba hayatatoka. Akavaa hizi, akavua, akavaa zile. Akanituma nyuma ya rafu nigonge ubao, kwanza kwa nguvu, kisha taratibu, kisha kama mgonjwa. Niligonga mara tisa, wateja wakinitazama kama niliyerukwa na akili. Alipotaka mara ya kumi nilimwambia nitamgonga yeye.

Fundi ndiye aliyetuokoa. "Ukikosa neno kwenye rekodi, unarudisha nyuma unalisikiliza tena. Huyo anayegonga ukuta utamrudisha nyuma?"

Wifi akalipia za matundu. Fundi akamwambia ana wiki moja. Zikimshinda, azirudishe na boksi lake likiwa zima. Njia nzima alilibeba lile boksi kwa mikono miwili kama yai.

Kwa ajili ya siri alifunga madirisha ya mbele na kushusha sauti. Jasho lilimtoka, lakini moyo ulitulia. "Nasikia kila kitu, wifi," aliniambia siku ya pili. "Nasikia hata mama akijigeuza. Nasikia cherehani yako kutoka huko ng'ambo ya ua, na unahitaji kuitia mafuta."

Jambo moja tu lilimtia wasiwasi, kwamba kijiko hakikugonga. Siku ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu kimya. Mama alipoulizwa jioni alisema hana shida. Wifi alinijia na sura yake ile ya mawingu yametanda, akasema labda mkono wa kulia nao unaanza kuchoka. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikamwambia mama ametulia kwa sababu amejua mwanawe anamsikia. Nilimwambia aache kutafuta msiba. Maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo wangu huu.

Siku ya nne, kama saa tano asubuhi, wifi aliinuka kumchungulia mama, nikamsikia akiniita kwa sauti iliyopita juu ya cherehani. Nilivuka ua mbio, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Mama alikuwa nusu kitandani, nusu nje. Mguu mmoja ulikuwa sakafuni, na mkono wa kulia umeng'ang'ania ubao wa kitanda mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Kijiko kilikuwa kati ya kiganja na ubao. Hakuwa ameanguka. Alikuwa amejizuia kuanguka, na fulana yake imelowa jasho kama iliyotoka kwenye beseni.

Tulimwinua, tukamlaza, tukambadilisha. Wifi ndiye aliyeuliza.

"Mama, umekaa hivyo tangu saa ngapi?"

Mama alivuta pumzi. Tukamwinamia. "Tangu yule bwana wa sauti nzito aanze kueleza mambo ya ukuta wake."

Nikadhani amechanganyikiwa. Wifi hakudhani hivyo. Aliinuka akaenda mezani, nikamsikia anarudisha rekodi nyuma, anasimamisha, anarudisha tena. Aliporudi mlangoni uso ulikuwa umeishiwa damu.

"Dakika arobaini na tatu," alisema. "Nilisikia kitanda, nikadhani anajigeuza."

Akapiga magoti karibu na kitanda. "Kijiko unacho mkononi, mama. Mimi niko hapo, hatua sita. Mbona hukugonga?"

"Laini ilikuwa na watu," mama alisema.

Inabidi nieleze, maana asiyemjua mama mkwe wangu ataona ni maneno ya ugonjwa. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa opereta wa simu, wale waliokuwa wanaunganisha watu kwa mkono, waya huku na waya kule. Sheria ya kwanza ya kazi ile ilikuwa kwamba laini ikiwa na watu huingii. Hata awe mkubwa wako anayetaka kupita, anasubiri. Na nyumbani aliwalea watoto hivyo hivyo: wawili wakiongea, wa tatu ananyamaza. Ndiyo maana mume wangu ukimkatiza anasahau alichotaka kusema, na wifi anaweza kukaa jioni nzima na neno mdomoni akingoja zamu. Mimi nilitoka kwenye nyumba ambayo wote tunaongea pamoja, nikawa nawaona watu hawa wana kasoro.

Sasa zile hedifoni za matundu zilikuwa zinavujisha. Kidogo tu, sauti za watu wadogo wadogo, lakini chumba kilikuwa kimya na mama amelala hapo bila kazi. Kila aliposikia sauti zile alijua mwanawe yuko na watu, akakishika kijiko chake akasubiri wamalize. Siku tatu nilizoziita za utulivu alikuwa na kiu, ana ubavu unaouma, ana nzi usoni, anasubiri laini iachiwe.

Wifi alikaa sakafuni. "Nikivaa hizi, namsikia lakini hagongi," alisema. "Nikivaa za kuzibwa, atagonga na sitasikia. Nifanyeje, wifi? Kazi nikiacha tutakula nini, na nikiendelea nitamuua mama yangu hapo hapo nikiwa nimekaa."

Niliona aibu. Ningekuwa mtu wa adabu ningenyamaza. Lakini mimi si wa nyumba ile, nikamwinamia mama nikauliza. "Mama, kule kazini kwenu, mtu akitaka opereta na wewe uko na wengine, alikuwa anafanyaje?"

Alinitazama kama anayeulizwa maji yanatoka wapi. "Taa yake inawaka."

"Halafu?"

"Naiona. Nikimaliza namshika." Akapumzika. "Taa haimkatizi mtu."

Kesho yake zile za matundu zilirudi dukani na boksi lake zima. Wifi akachukua za kuzibwa, na chenji iliyobaki ikanunua swichi ya kengele, waya na balbu ndogo nyekundu. Fundi alikuja mwenyewe kuupitisha waya juu ya fremu ya mlango. Balbu ilikaa mezani mbele ya pua ya wifi, na swichi ikafungwa pembeni mwa kitanda, chini ya kidole gumba cha mkono wa kulia. Tulipomaliza mama alikigeuza kijiko, mpini ukielekea kwangu, akanikabidhi.

Msidhani wasiwasi uliisha. Siku ya kwanza, tangu asubuhi mpaka mchana, taa haikuwaka. Wifi aliinuka mara sita kwenda kuchungulia, na mara mbili akanituma mimi nikabonyeze swichi kuona kama waya haujakatika. Za kuzibwa zilimtia uziwi kabisa. Alisema ni kama kukaa ndani ya mtungi. Ukurasa mmoja ulimchukua saa nzima kwa sababu jicho moja lilikuwa kwenye maandishi na moja kwenye balbu. Nilianza kuogopa na mimi, nikahamishia mshono wangu wa mkono kwenye kiti cha mlangoni pake. Niliogopa kwamba mama angesubiri tena. Miaka thelathini na moja alikuwa anaitazama taa ya mwenzake, ya kwake hajawahi kuiwasha.

Saa nane na kitu ikawaka.

Wifi aliruka na hedifoni kichwani, waya ukachomoka, rekodi ikaanza kupayuka peke yake chumba kizima, siri na kila kitu. Kiti kilianguka. Mimi nilijichoma sindano. Tulifika kitandani pamoja, tukakuta mama amelala katikati, mkavu, mzima, kidole bado kwenye swichi.

"Mama, nini? Unaumwa wapi?"

"Nigeuzieni mto."

Wifi aliugeuza mto, akaupapasa, akaurudisha chini ya kichwa. "Ni mto tu, mama?" akauliza.

"Kwani hii taa," mama alisema, taratibu, akimtazama, "mmeniwekea nisubiri mpaka nianguke?"

Wifi alikaa ukingoni mwa kitanda akalia, na mwenyekiti wa baraza akaendelea kuongea chumba cha mbele bila mtu wa kumwandika. Mama alimwacha alie kidogo, kisha akamwambia arudi, laini ina watu.