Barua ya Chifu Ilisema Nimekufa

Kila Desemba ile familia ilikuwa na siku yao ya shukrani kanisani kwetu Kitengela. Mzee wao, mwenye duka la simenti na misumari, alisimama mbele na karatasi akatusomea yale familia yake ilifanya mwaka huo. Wagonjwa waliotembelea. Mahindi waliyopelekea Wamasai ng'ombe zilipoisha na kiangazi. Choo walichojengea shule ya msingi. Mwisho kabisa, msichana yatima wanayemsomesha Kajiado. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, niko benchi ya nne upande wa akina mama. Wachache waliojua waliangalia viatu vyao.

Huyo yatima ni mtoto wangu. Marehemu mama yake ni mimi.

Majina sitaandika. Lakini walionifanyia hivyo nitawataja kwa kazi zao, na wakisoma watajijua: bibi ya mwenye duka, bwana yake, na naibu wa chifu wa wakati ule.

Mimi nilifika darasa la tano tu, huko Ukambani. Miaka ya tisini mwanzo nilikuja na bwana yangu kukata maua ya waridi kwa zile nyumba za nailoni. Yeye alikufa mwaka ule mvua ilibomoa barabara zote. Baadaye nikaanza kukonda na mimi. Ilikuwa ukimwi, na TB juu yake. Kazi ikaniacha. Nikabaki chumba kimoja cha mabati na msichana wangu wa darasa la nane.

Ndipo wakaja wale wa kujitolea. Bibi ya mwenye duka na binti zake wawili wakubwa, wote na T-shati za rangi moja na gari nyeupe. Hiyo gari ikisimama kwa mlango wako, ploti nzima ya wapangaji inajua uko na nini. Siwezi kudanganya, waliniosha. Walinipikia uji, wakanigeuza kitandani nikiwa na vidonda mgongoni, na hakuna aliyeziba pua. Lakini yule mama alikuwa anauliza sana. Nyumbani kwetu ni wapi hasa. Nani wa kwetu anaweza kupigiwa simu. Kuna shamba ama hakuna. Mtu ameleta uji, shamba ya nini? Siku moja wakaniketisha, wakanifunga leso safi, wakanipiga picha. Siku nyingine akaomba kitambulisho yangu.

"Tukiweke vizuri, mama," aliniambia, "tusije tukahangaika kukitafuta baadaye."

Baadaye gani? Nilijua. Lakini mkono wa kukataa sikuwa nao. Wiki hiyo hiyo walimchukua msichana akae kwao, eti asome vizuri.

Kulikuwa na jirani Mmasai aliyeniletea maziwa. Aliingia na salamu yake ya Kimasai, "sopa", nikamjibu "epa" nikiwa nimelala. Aliniambia mama yule ananiangalia vile watu wanaangalia ng'ombe aliyelala wakati wa kiangazi, kama atasimama ama hasimami. Tulicheka mpaka nikakohoa.

Nikasimama. Dawa zilianza kutolewa bure hospitalini, na yule jirani ndiye alinipeleka kwa punda mpaka barabarani. Ilichukua karibu mwaka. Siku nilipoweza kutembea hadi dukani kwao, bibi alikuwa kwa kaunta. Aliniona akaweka chini kitabu alichoshika.

"Kumbe unatembea," alisema.

Hakusema Mungu asifiwe. Hiyo ilisemwa na bwana yake, baada ya kukohoa kidogo. Hapo ndipo nilianza kuwashuku sana. Nilimwuliza mtoto wangu yuko wapi, wakaniambia amepata nafasi fomu wani, shule ya bweni Kajiado, na kuna basari ya kumlipia karo. Nikauliza kitambulisho. Bibi akasema iko kwa faili. Wiki iliyofuata ikawa iko nyumbani, halafu ikawa faili tena.

Nikaenda ofisi ya chifu kusema imepotea. Karani alifungua kabati, akatoa karatasi, akaisoma, akaniangalia.

"Wewe ni nani wa huyu marehemu?" aliniuliza.

Nikamwambia asome kwa sauti. Barua ilisema jina langu, nambari yangu, ya kwamba nimefariki kwa kuugua kwa muda mrefu, na mtoto ni yatima kamili asaidiwe. Imepigwa muhuri. Kitambulisho yangu imebanwa nyuma na pini. Tarehe ilikuwa ya ule mwezi waliokuwa wananipikia uji.

Naibu wa chifu alitoka ndani aliposikia ninapaza sauti. Alifunga mlango. Hakukana. Alisema yule mama alimwambia mimi ni wa wiki hiyo ama ijayo, na basari za yatima zilikuwa zinafungwa, wakaona afadhali watangulie kidogo. Watangulie kidogo. Halafu akanielezea polepole, kama mtu anayenisaidia:

"Nikikuandika uko hai leo, msichana anarudishwa nyumbani wiki ijayo. Ni wewe useme."

Nilikaa kwa ile benchi nje mpaka wakafunga ofisi. Shule ile singeweza kuilipa hata ningekata maua kwa mikono minne. Nikaenda nyumbani nikiwa bado marehemu.

Siku ya kutembelea wanafunzi ilipofika nilipika chapati na kuku nikaenda Kajiado. Njiani nilikuwa ninamshuku hata mtoto. Anajua? Alilia, ama alifundishwa la kusema akasema? Kwa geti kulikuwa na mwalimu na daftari, na msichana wangu ameitwa, amesimama kando ya meza. Amerefuka. Aliponiona aliangalia mwalimu, akaangalia kapu yangu ya chapati. Hapo nikajua anajua.

"Wewe ni nani wake?" mwalimu aliuliza.

"Mimi ni dada ya mama yake."

"Pole kwa kumpoteza dada yako."

"Asante, mwalimu."

Tulikula chini ya mti wa miba. Alikula chapati nne. Wakati wa kuagana alinishika mkono kwa nguvu, lakini mbele ya wenzake aliniita anti. Hivyo ndivyo tulikaa miaka minne, na kila Desemba nikapiga makofi.

Alipomaliza mtihani wa mwisho na kufika miaka kumi na minane, alikuja kwangu na sanduku lake. Siku ya tatu akasema twende ofisi ya chifu. Nilifurahi. Nikavaa leso ile ya picha. Huko karani mpya alimwambia ili apate kitambulisho yake anahitaji ya mzazi, ama vyeti vya kifo vya wazazi wote. Cha baba alikuwa nacho. Cha mama hakukuwa na mtu angekitoa popote, kwa sababu barua ya chifu si cheti cha kifo, na barua haizikwi.

"Mama yangu ndiye huyu," alisema. "Ile barua ni ya uongo. Andika."

Alisema kwa sauti, hata waliokuwa kwa foleni walisikia. Jumapili yake ile familia haikunisalimia, na bibi ya mwenye duka alituma neno kwamba nimewaaibisha baada ya wema wote.

Siku hiyo kwa chifu walitupaka wino wa kitambulisho sisi wawili, mmoja baada ya mwingine, vidole vyote kumi. Alijifuta kwanza. Kisha akavuta mkono wa sweta yake ya shule akanifuta mimi, kidole kimoja kimoja, huku anaangalia kama karani amemaliza fomu yake yeye. Nilimtazama usoni nijue ni mimi alikujia ama ni ile karatasi ya kitambulisho. Sikuona. Nilimpa mkono ule mwingine.