Amri Mbili za Kupima Kakao

Dada yangu mkubwa ananunua kakao Oicha na kuikausha mwenyewe. Mimi niko Butembo, natunza maktaba ndogo ya kompyuta: mkusanyiko wa amri zinazosoma kipimo cha unyevu na kusema kama mbegu zimekauka. Siku moja alinipigia simu akiwaka. Kompyuta ilisema kakao imekauka, akashona magunia, na sasa ndani yake kumeota ukungu.

"Mudogo, miye hapana amini tena hii machine. Leo mangaribi ninashona ingine. Kama haiko sawa, ninarudilia mukono."

Mkono, yaani kuvunja mbegu na kusikiliza kama inalia, maana kavu hulia. Kazi yangu yote ingebaki ya bure, na hasira ikanipanda. Amri zilikuwa mbili tu! Ya kwanza iliondoa athari ya joto la jua kwenye vipimo, ya pili ilikadiria maji. Nikamwomba anieleze alichofanya, bila kuruka kitu.

"Nilibonyeza ya kwanza, courant ikakatika. Wakati ilirudia, nikaanza upya."

Niliruka kutoka kwenye kiti. Bila shaka alianza upya. Nani kati yetu, umeme ukirudi, haanzi toka mwanzo? Lakini amri ya kwanza ilifuta vipimo vya awali na kuweka vipya mahali pake. Joto likaondolewa mara mbili, na kakao yenye maji ikaonekana kavu.

Nilitaka kuziunganisha amri hizo, lakini mwenzangu wa kazini alipinga: wataalamu wa mbali wanaotumia maktaba yetu wanapenda kuona hatua zote mbili.

"Donc, kwao courant inakatikaka?" nikamuuliza. Akacheka, akasogeza kiti chake karibu.

Tukaziunganisha zikawa amri moja. Inasoma vipimo, inaondoa joto na kutoa jibu kwa mpigo, na faili ya vipimo haiguswi kamwe. Tulifuta mistari mingi kuliko tuliyoandika, nami nilifurahi kama mtu aliyetoa kokoto kwenye kiatu.

Nikamtumia dada alasiri hiyohiyo. Akabonyeza, umeme ukakatika. Jenereta ilipowaka, akaanza upya, kama kawaida yetu. Nilikuwa namsikiliza kwenye simu.

"Inasema ingali na maji," akasema. "Ngoja." Nikajua anavunja mbegu. Haikulia.

Kisha nikamsikia akimwambia mumewe arudishe sindano ya magunia ndani ya nyumba.