Kamba ya Kushika kwa Mkono

Hebu mwone akishuka kijia cha kwenda majini, mwanamke mrefu, futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni, ameisahau. Kavaa suruali ya marehemu mumewe, kaikunja miguuni. Kwapani kabana tanga alilolitia viraka mwenyewe. Kazi yake ni kushona sare za shule. Hata baiskeli hajawahi kuendesha, na leo amekuja kujifunza mashua iliyompindukia mumewe.

Anayemsubiri, maji yakimfika magotini, ni shemeji yake, mdogo wa marehemu. Zamani wawili hawa hawakukutana bila kutaniana mpaka watu wakaomba amani. Tangu msiba, utani umekauka. Siku hizi shemeji huja na mfuko wa unga, akautua mlangoni na kuondoka kabla hajakaribishwa.

Nikueleze mkasa wenyewe, tusipotezane njiani. Marehemu alikuwa seremala. Milango na madirisha ya wateja wa ng'ambo ya ziwa aliyavusha kwa mashua hii ya tanga moja, aliyoiunda nyembamba na ndefu ili milango ilale katikati. Mdogo wake alikuwa msaidizi. Siku hiyo upepo uliwapiga ubavuni, mashua ikapinduka. Mdogo aling'ang'ania ubavu wa mashua akaokolewa. Kaka mtu alinaswa chini ya tanga.

Msibani, shemeji aliulizwa ilikuwaje. Akasema kaka alikuwa mbele akifua maji, akiyachota na kuyamwaga nje, na ile kamba ya kuvutia tanga, waiitayo demani, aliifunga badala ya kuishika kwa mkono. Uvivu tu, jamani. Basi neno likatoka, likaenda. Seremala akawa mtu aliyejiua kwa uvivu. Binti yake alirudi shuleni macho yamevimba, wenzake wamemuuliza kama viatu vyake kafungiwa na baba.

Mjane hakuliafiki. Mtu aliyekuwa akikatisha chakula chake akakaze bawaba ya mteja, huyo ndiye mvivu? Lakini angebisha kwa lipi, naye mashua haijui? Ndipo akatangaza kwamba atajifunza, avushe sare zake mwenyewe. Mama mkwe alimtazama sana, akasema, "Mwanangu, kaburi moja halijakutosha?" Shemeji naye alikataa, akakataa tena, mwishowe akakubali huku anaangalia pembeni.

Somo lilianza na mlingoti, kuusimamisha na kuukaza kamba zake. Mafundo aliyashika upesi, vidole vya sindano vile. Tanga lilimshinda, alilipandisha juu chini.

"Shemeji," akasema mwalimu, "umeivalisha mashua suruali kichwani."

Wakacheka. Halafu wakakatisha kicheko wote wawili kwa pamoja, kama waliokutwa wanaiba.

Walipoingia maji ya kina, alimkalisha nyuma, usukani mkono mmoja, demani mkono wa pili. Yeye akaenda kukaa mbele na kopo la kufulia maji. Akamfundisha kuuangalia upepo unavyokunja uso wa maji kabla haujafika. Ukifika, mashua ikilala upande, alegeze kamba. Haukukawia. Mashua ililala, maji yakamlowesha mapaja, akafumbua vidole. Tanga likapepea, mashua ikainuka. Moyoni mkamwingia uchungu mpya: kumbe ni hivi tu. Vidole vikifumbuka, mtu anarudi nyumbani.

Baadaye kiganja kilianza kumwaka moto. Karibu na goti lake palikuwa na kigingi kidogo, akakizungushia kamba, akapiga fundo, apumzike.

Shemeji aliruka kama aliyemwagiwa uji wa moto. "Fungua! Hapo hapafungwi, shemeji, hapo hapafungwi kabisa." Akajinyoosha kwa urefu wake wote aifungue mwenyewe. Mkono ukaishia hewani. Nafasi ya milango ilikuwa katikati yao.

Mjane aliifungua taratibu. Kisha akautazama ule mkono, na mwenye mkono naye akautazama.

"Siku ile kaka yako akiwa mbele," akauliza, "hapa nilipo alikaa nani?"

Shemeji alichukua kopo akaanza kufua. Ndani hamkuwa na maji ya kufua. Kopo lilikwaruza mbao tupu.

"Mkono ulikuwa umekufa ganzi," akasema. "Yeye aliniambia, mdogo wangu, usifunge. Nikasema kidogo tu."

"Ukaenda kusema ni yeye."

"Mama alikuwa amebakiwa na mmoja. Ningemwambia huyo mmoja ndiye aliyemuua mwenzake? Nikaona marehemu haoni aibu."

"Binti yake anaiona."

Mjane akaigeuza mashua mwenyewe, vibaya, ikayumba, ila ikageuka. Ufukweni mama mkwe alikuwa amesimama, kiganja juu ya macho. Alipohakikisha kwamba waliomo ni wawili, alikaa chini palepale mchangani. Shemeji aliinamisha kichwa mpaka chombo kikagusa chini. Bibi yule akainuka kwa shida, akamshika mkwewe mkono uliochubuka, akauliza kwa upole somo limekwendaje.

Wewe ungekuwa ndiye uliyeketi kule nyuma, ungemjibu nini?