Ndoo Isiyokaa Chini

Mimi ni mtu wa kinyaa, na sioni sababu ya kuficha. Nikikuta unywele kwenye sahani sili tena siku hiyo. Nikimwona mtu anachovya kidole kwenye sufuria kuonja mchuzi, mchuzi huo nimemwachia yeye na ukoo wake. Watu wa hapa Mang'ola wananicheka, ati nilipaswa kuzaliwa hotelini. Nauza chai na chapati pale malori ya vitunguu yanapopakia, kwa hiyo nafasi ya kunicheka wanayo kila siku. Nawaacha, maana chai yangu wanainywa na sababu wanaijua. Kinyaa hiki sijui nimekirithi kwa nani. Kwa mama sikukitoa. Mama alikuwa anatoa nzi kwenye maziwa, anamtupa, anaendelea kunywa huku anakutazama.

Kero yangu ilikuwa kisima. Maji ya mfereji huku hayanyweki, yanapita shamba hadi shamba yakikusanya dawa zilizopulizwa kwenye vitunguu, kwa hiyo kitongoji chetu kinategemea kisima kilichochimbwa kwa mkono, chenye mdomo wa saruji uliopasuka upande mmoja. Kisima ni cha wote, lakini ndoo kila mtu na yake, na uchafu ulianzia hapo. Desturi ni kwamba unakuja na ndoo na kamba yako, unaiweka ndoo chini, unasalimia, unauliza habari za nyumbani na za mifugo, unajibiwa, unaulizwa na wewe, kisha unaiokota na kuitumbukiza kwenye maji ya kunywa ya watu wote. Hapo chini ilipokaa ndipo mbuzi walipokuwa wamesimama wakisubiri kunyweshwa. Nilikuwa natazama vitako vya zile ndoo vikishuka kisimani vimebandikwa samadi mbichi, na mate yananijaa mdomoni.

Ndoo zenyewe ndiyo usiseme. Moja ilikuwa ya rangi ya nyumba, na ukoko wa bluu ulikuwa bado unabanduka ndani. Nyingine ilikuwa dumu la mafuta ya kula lililokatwa juu, ukingo wake umeota utelezi mweusi ambao hakuna mkono uliowahi kuusugua. Jirani yangu wa ng'ambo ya njia, mwanamke mwenye sauti na asiyerudi nyuma, alikuwa na ndoo inayopeleka pumba kwa nguruwe asubuhi na kuchota maji mchana. Nilipomuuliza aliniambia nguruwe ni wake. Nikamsema mpaka akaibadilisha, akaja na galoni la dawa ya wadudu wa vitunguu, amelikata vizuri, na lile fuvu la kichwa bado limechorwa ubavuni.

"Nimeliosha na sabuni ya unga," akasema.

Halafu kuna kuelea. Ndoo ya plastiki ikifika majini haizami. Inakaa juu inakuchezea, na wewe unavuta kamba, unaachia, unapigapiga, mpaka tope la chini lote limepanda. Ukija kuchota unapata maji ya rangi ya chai ya maziwa, yana maganda ya vitunguu na punje za kinyesi cha mbuzi zilizokwisha kuvimba. Siku moja nilichota plasta ya kidonda. Ilikuwa imejikunja, na upande wa ndani bado una alama ya usaha. Nilimwaga maji yote, nikarudi nyumbani mikono mitupu na nikatapika nyuma ya choo.

Sasa ungesema, chemsha. Nilikuwa nachemsha. Nyumbani kwangu hakuna aliyekunywa maji yasiyochemka isipokuwa mtu mmoja, na huyo ndiye aliyenifanya niandike haya. Mama alisema maji yaliyochemshwa yamekufa, hayana ladha. Alikuwa anakwenda kisimani mwenyewe mchana, mimi nikiwa kwenye chai, anachota kidogo kidogo kwa kadiri ya nguvu zake, na kabla ya kumimina kwenye dumu lake anainamisha ndoo na kunywa palepale, midomo kwenye ukingo. Nilimkataza mpaka nikachoka. Kwake yeye kuchotewa maji ilikuwa ni kuanza kuzikwa. Na ndoo aliyoitumia ilikuwa yoyote aliyoikuta.

Tumbo lake likawa haliishi kuharibika. Mdogo wangu wa kiume anaendesha watalii, anaishi Karatu mjini kwenye nyumba yenye geti na bomba la ndani. Kila alipokuja alileta katoni za maji ya chupa. Mama aliyamwagia kuku, chupa akatilia samli. Safari moja mdogo wangu alimkuta amelala, macho yameingia ndani, hawezi hata kukaa. Alinivuta nje.

"Dada, sikulaumu. Lakini tumbo hili likirudi tena namchukua, na safari hii sitamuuliza."

Mama alisikia kupitia dirishani. Siku zote alikuwa akisema kwamba akipelekwa Karatu atakufa akitazama ukuta. Ana mbuzi wake hapa, ana kaburi la baba hapa. Alinishika mkono jioni ile akasema, "Usikubali." Nikamwambia sitakubali.

Basi nikajiambia, kama siwezi kumbadilisha mama, nitaibadilisha ndoo. Pale ninapouzia chai kuna fundi wa matairi ya malori, mpole, ananinywea chai mbili kila asubuhi. Nilimweleza ninachotaka. Nilitaka ndoo moja tu, ya kisima, ambayo haiondoki pale. Iwe ya mpira wa ndani wa tairi la lori, kwa sababu mpira haupasuki ukigonga ukuta. Mdomoni iwe na ringi ya chuma, na upande mmoja wa ringi ichomelewe nati nzito, ili ikifika majini ilale yenyewe na kujaa bila kutikiswa. Na chini isiwe bapa. Chini iwe imechongoka kama kitako cha kibuyu.

"Itakaaje sasa?" fundi akauliza.

"Haikai. Ndiyo maana nataka hivyo."

"Mama, ndoo isiyokaa ni ndoo gani?"

"Ni ndoo isiyokanyaga mavi," nikamwambia, na watu waliokuwa wanakunywa chai wakaweka vikombe chini.

Aliishona kwa uzi wa katani, mishono miwili miwili, akaipaka gundi ya viraka. Ilitoka nzuri, nyeusi, na ikiwekwa chini inaanguka ubavu na kumwaga kila kitu. Nilisimika nguzo ya mti mgumu kando ya kisima, nikapigilia kulabu juu, ndoo ikawa inaning'inia hapo na kamba yake. Tukakaa kikao cha kitongoji palepale kisimani. Nilisema yote niliyokuwa nayo moyoni, kuanzia nguruwe mpaka ile plasta. Wengine waliangalia pembeni. Jirani yangu alisema tangu azaliwe hajasikia ndoo inayotundikwa kama nyama. Lakini walikubali: ndoo ya mpira ichote, ikitoka imimine kwenye chombo cha mtu, irudi kwenye kulabu. Vyombo vya nyumbani visiingie kisimani.

Wiki za kwanza walilalamika chai inanuka tairi. Kweli ilinuka, hata mimi nilikuwa nakunywa nimebana pumzi. Harufu ikaisha. Maji yakatulia, ukichungulia unaona mawe ya chini. Mama akanenepa mashavuni. Mdogo wangu alikuja, akamtazama, akanywa chai, akaondoka bila kusema neno la geti wala bomba. Nilijisikia mtu. Nilikuwa naamka kabla ya mapambazuko kukanda unga, nachota maji yangu gizani nikipita, natundika ndoo, naendelea na safari. Jioni nikirudi sina haja ya kupita kisimani.

Halafu tumbo la mama likarudi.

Nilimkuta kitandani mchana, baada ya mtu kuniita kazini, na nyumba nzima inanuka. Nilimwosha, nikambadilisha, nikampa maji ya chumvi na sukari, halafu nikatoka mbio kwenda kisimani huku nimevaa aproni. Kulabu ilikuwa tupu. Ndoo yangu ilikuwa imekaa.

Ilikuwa imekaa chini, wima, imetulia. Kando ya mdomo wa kisima mtu alikuwa amechimba kishimo cha kiasi chake, kitako kile cha kibuyu kikaingia humo barabara. Kishimo kilikuwa na maji. Kila mchotaji aliyerudisha ndoo alimwaga matone, matone yakajaa, na maji yale yalikuwa ya kijani na yanavutika kama ute, yana povu pembeni na vijidudu vyekundu vinavyojinyonganyonga. Ardhi kuzunguka ilikuwa imevurugwa na kwato. Mbwa mmoja mwenye upele alikuwa ameingiza pua kati ya ndoo na ukingo wa kishimo, analamba. Nilimpiga teke mbwa. Nikainua ndoo, na kitakoni kulikuwa na utando kama makamasi, mrefu, haukatiki. Ndicho kilichokuwa kinatumbukizwa kisimani kwetu siku nzima.

Nilipiga kelele mpaka watu wakatoka. Nilitaka kumjua aliyechimba. Kila mtu akajitia hamnazo. Jirani yangu alikuja anafuta mikono.

"Mimi nilikikuta," akasema. "Nikaona ni kizuri. Mchana inakaa humo, jioni wa mwisho anaitundika. Kumbe si wewe?"

"Mimi? Mimi nichimbe hili jaa?"

"Tulijua umeona ndoo inataabika."

Wote walikuwa wamekikuta, na wote walikuwa wamekipenda. Mzee mmoja akaniambia kwa upole kabisa kwamba mwenye wazo lile alikuwa na huruma. Niliwaambia ni wachafu, watoto wao ni wachafu, na wakitaka wakaoge humo humo. Nilisema mengine ambayo siyaandiki. 

Habari zilimfikia mdogo wangu, akaja kesho yake na gari la kazini. Hakugombana na mtu. Alitandika blanketi kiti cha nyuma na kuniomba nikusanye nguo za mama. Mama aliona kwamba sikuwa na la kumtetea, akaacha kunitazama. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mimi nikamvalisha blauzi nilivyomvalisha kila asubuhi: mkono wa kushoto kwanza, halafu ule wa kulia taratibu, umelegezwa, kwa sababu bega hilo liliangukiwa na gunia la vitunguu zamani na mkono haupandi kupita kifua.

"Mwambieni yule jirani," mama akasema, "awe anatoa udongo kwenye kile kishimo cha ndoo. Mvua ikinyesha kinajaa tope."

Nilibaki na kifungo cha blauzi mkononi.

"Kishimo ulichimba wewe, mama?"

"Sasa ningeiweka wapi?" Hakuwa na hasira. "Kuishusha naivuta kwa kamba, lakini kuirudisha kule juu kwa mkono mmoja sifiki. Kila nikimaliza kuchota inabidi nikae nimeishika mpaka apite mtu wa kunitundikia. Siku nyingine hapiti mtu. Nikakichimba kwa jembe la palizi."

Mdogo wangu aliyekuwa mlangoni na begi akageuka, akaanza kuhesabu mbuzi ambao hawakuwa na haja ya kuhesabiwa. Mimi nikafunga vifungo vilivyobaki. Kulabu nilikuwa nimeipigilia mwenyewe, nikiwa nimesimama, usawa wa paji la uso wangu, nikifikiria mbwa, mbuzi, kuku, nguruwe na jirani. Mikono ile nilikuwa naivalisha kila siku ya Mungu.

Aliondoka ameegemea kioo. Barabara ya kupanda Karatu ina vumbi, na gari halikuonekana kwa muda mrefu kabla sauti yake haijapotea. Nilikwenda kisimani na koleo, nikafukia kile kishimo, nikakishindilia kwa miguu. Niliisugua ndoo kwa majivu na mchanga, ndani na nje, mpaka vidole vikachubuka. Halafu nikang'oa kulabu na kuishusha mpaka usawa wa kifua cha mama. Jirani yangu alikuwa ananitazama kutoka kwake. Akaja, akaninyooshea misumari iliyopinda bila kuulizwa.

Mdogo wangu alinipigia simu baadaye. Daktari amemwona mama, tumbo limepona, anakula ugali na maziwa, lakini kuna shida moja. Maji ya bomba hayagusi. Wamemwekea glasi, wamemwekea chupa, wamemchemshia. Anasogeza pembeni. Nikamwambia ampe simu.

"Mama, kunywa maji. Hayo ni safi, yametibiwa."

"Yanatoka ukutani," mama akasema. "Sioni yalikotoka. Sijui yamechotwa na ndoo gani."

Nilimwuliza anataka nini. Akasema nimpe dereva wa lori la vitunguu dumu moja la maji ya kwetu, yasiyochemshwa. Sauti yake ilikuwa ndogo. Ile glasi ya Karatu, akasema, kila akiisogeza mdomoni anaona kinyaa.