Madaftari Matatu Yalivuka Ziwa na Kurudi

Niliondoka nyumbani kwangu Butimba kwa sababu ya mchwa. Mvua za masika zilipokwisha nilivuta daftari langu la pili, kaunta buku nene, kutoka chini ya kitanda, nikakuta kona yake ya chini imeliwa pamoja na majina tisa ya mimea. Sita niliyakumbuka. Matatu yamepotea, na wazee walionitajia wameshazikwa.

Mimi ni fundi mizani. Kwa miaka kumi na minane nimezunguka vituo vya kununulia pamba vya Misungwi, Kwimba na Magu, nikikagua mizani kabla msimu haujafunguliwa. Kazi yenyewe ilichukua nusu siku, na nusu iliyobaki nilisubiri gari. Katika kusubiri huko nilianza kuwauliza watu majina ya miti na majani ya kwao, pamoja na matumizi yake, nikayaandika. Shule niliishia darasa la nane. Elimu ya mimea niliipata katika kitabu kimoja cha shule nilichonunua sokoni kikiwa hakina jalada. Hata hivyo, baada ya hasara ya mchwa, madaftari yangu matatu yalibaki na majina mia nne na kumi na mawili.

Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kununua pamba, mizani zimekuwa nyingi na muda wa kusubiri gari haupo tena. Niliona wakati umefika wa kuyatafutia madaftari makao. Nilikuwa nimesikia kwamba ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema, ipo bustani ya mimea yenye maktaba. Niliandika barua. Jibu lilikuja na sentensi mbili: "Njoo nayo. Tutayaangalia."

Mke wangu, Mama Kabula, alinifungia chapati na kuyatazama madaftari ndani ya mfuko.

"Miaka yote hii unaandikisha majani. Leo unayapeleka shule?"

"Nayapeleka yakalale mahali pasipo na mchwa."

"Wakidai ada, usiniite."

Jumanne, saa mbili asubuhi, kivuko cha Kamanga kilichelewa kuondoka. Magugu maji yalikuwa yamejaa gatini, mabichi, yenye maua ya zambarau, na mabaharia wawili walikuwa wakiyasukuma kwa miti mirefu. Nilikaa juu ya gunia karibu na mama mmoja mchuuzi wa dagaa. Aliyaangalia madaftari yangu kwa mashaka.

"Baba, hayo ni ya kodi?"

"Hapana, mama. Ni ya majina ya majani."

"Kweli? Kama ni ya kodi kaa mbali na dagaa wangu." Aliporidhika alinyoosha kidole majini. "Basi andika na haya. Jina lake balaa."

Sikuandika. Magugu maji yalikuwa tayari kwenye daftari la tatu, namba mia tatu na themanini.

Saa nne tulikuwa Kamanga. Kutoka hapo nilipanda Landrova iliyobeba marobota ya mitumba, nikashushwa penye njia panda, nikatembea kwa saa nzima kati ya mashamba ya mihogo. Bustani niliiona kwanza kama giza la miti upande wa ziwa, kwa kuwa kila kitu kingine kilikuwa kimekatwa kwa mkaa.

Getini alinipokea Mzee Masalu, mtunza bustani, mtu wa Kwimba aliyeanza kazi pale akiwa kijana. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanichukulia mfuko na kuanza kunitembeza kabla sijanywa maji.

Bustani ilianzishwa zamani za Waingereza. Imegawanywa kwa vijia vilivyonyooka, na kila sehemu imepandwa mimea ya ukoo mmoja: jamii ya kunde huku, jamii ya mikuyu kule, minyaa na ndugu zake penye mawe. "Hapa kila mmoja anakaa na ndugu zake," alisema Masalu. "Si kama ninyi wa mjini." Vibao vya zamani vya bati zito viliibwa vyote, na Masalu anasema aliwahi kununua mwiko wa bati sokoni akaona juu yake nusu ya jina la mnyaa. Vibao vya sasa amevikata mwenyewe kutoka kwenye madebe ya mafuta ya kupikia yanayoingia siku hizi kutoka nje. Mbele kuna namba ya mti. Nyuma bado linasomeka tangazo la mafuta.

Nililala kwake.

Jumatano, saa mbili asubuhi, nilifika maktaba. Ni nyumba ya mawe yenye vyumba viwili. Cha kwanza kina vitabu, na madirisha yake yamewekwa wavu. Cha pili kina makabati ya chuma yenye harufu kali ya dawa ya wadudu, na ndani yake mimea iliyokaushwa imebandikwa kwenye karatasi nene, mmoja mmoja. Kila mguu wa kabati umesimama ndani ya kopo la mafuta machafu ya gari. Nilichuchumaa kuyatazama makopo hayo. Kama nilikuwa na wasiwasi wowote kuhusu mchwa, uliishia hapo.

Msimamizi ni Mama Kokuteta, mwenyeji wa Kagera, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliniamkia, akanipa kiti, akasoma madaftari kutwa nzima. Nami nilisoma vitabu vyake. Mchana alinionyesha karatasi moja yenye magugu maji yaliyokauka, rangi ya chai. Yalichumwa karibu na mdomo wa mto Kagera, wakati ambapo hakuna mvuvi aliyekuwa ameyalalamikia.

"Wakubwa waliponiuliza yalianza lini, sikukisia," alisema. "Nilifungua kabati."

Saa kumi jioni alifunga daftari la tatu.

"Mzee, chagua jina moja unaloliamini kuliko yote."

Nilichagua namba arobaini na saba. Jina lake silitaji hapa, na sababu itaonekana. Ni mmea ambao majani yake huchemshwa kwa maumivu ya tumbo. Nilitajiwa na Bibi Nkwimba wa Usagara, mtu anayeendewa na watu wa mbali kwa dawa, na maelezo yake yalijaza ukurasa mzima.

"Umo bustanini?"

"Umo. Jana niliuona karibu na pampu ya maji."

"Twende ukanionyeshe."

Tulikwenda watatu. Niligusa kichaka chenye majani membamba na maua madogo meupe. "Huu hapa," nikasema.

Masalu alicheka mpaka akashika pampu. "Huo? Huo mbuzi wa kwetu akiula tunawahi kumchinja kabla hajafa mwenyewe! Wenye jina hilo uko kule chini." Alitupeleka hadi karibu na ziwa, akagusa kichaka kingine. Majani membamba, maua madogo meupe. Ukiangalia kwa karibu, jani la huu lina vinywele upande wa chini.

Nilisema kwamba labda watu wa Kwimba wanaita tofauti. Masalu alisema labda watu wa mizani hawajui mbuzi.

Mama Kokuteta hakuingilia. Tulirudi ndani, akatoa karatasi mbili kwenye makabati mawili tofauti. Jina la Kisukuma lililoandikwa chini ya mimea hiyo miwili lilikuwa lile lile. Kwenye mmoja, ule wa karibu na pampu, mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu ya risasi neno moja: sumu.

"Bibi yako alikutajia upi?"

Nilifungua ukurasa wangu. *Kichaka kifupi, majani membamba, maua meupe madogo, huota penye udongo mkavu.* Niliusoma mara mbili. Maelezo yale yalifaa mimea yote miwili. Bibi Nkwimba nilimwandika nikiwa nimekaa kwenye benchi la kituo cha pamba, naye amesimama. Ule wa karibu na pampu niliuchagua mwenyewe baadaye, nilipouona njiani ukifanana na maneno yangu.

"Siwezi kuyapokea, mzee," alisema Mama Kokuteta. "Si kwamba ni mabaya. Lakini mtu akisoma hapa ataamini, kwa sababu yako hapa. Halafu atakwenda kuchemsha."

"Mia nne na kumi na mawili yote?"

"Wewe ni fundi mizani. Mtu akikuambia mizani yake iko sawa, unamwandikia cheti?"

"Hapana. Naweka jiwe langu la kupimia nione."

"Basi na mimi nataka jiwe."

Masalu, aliyekuwa ameegemea mlango, alisema, "Leo mpimaji kapimwa."

"Wewe kanyweshee mimea," Mama Kokuteta alimwambia.

"Naenda, nshomile. Ninyi wa Kagera mmesoma mpaka majani makavu, sisi tuachieni mabichi."

Alhamisi asubuhi Mama Kokuteta alinipa vibao viwili vya mbao na kamba, akanielekeza. Chukua tawi lenye jani na ua, na tunda likiwepo. Lilaze ndani ya gazeti, likaze, badilisha gazeti kila siku. Andika mahali, tarehe, na jina la mtu aliyeligusa kwa mkono wake akalitaja.

"Zamani kupata gazeti la kukaushia ilikuwa kazi," alisema. "Sasa kila mara linatoka jipya. Watu wanalalamika kuwa magazeti hayo ni ya udaku. Mimi sijawahi kuwa na karatasi nyingi hivi."

Sikurudi kwa njia ya Kamanga. Nilipanda lori la kwenda Busisi, nikavuka, na saa nane mchana nikashuka Usagara. Kwa Bibi Nkwimba ni mwendo wa nusu saa kutoka barabarani. Kwa umri wake, njiani nilijiandaa kukuta msiba. Nilimkuta anapepeta mtama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe si yule wa mizani? Umezeeka."

Nilimtajia jina la ule mmea, nikamwomba anipeleke ulipo. Aliweka ungo chini.

"Safari ile hukuniuliza uliko. Uliuliza unaitwaje, ukaandika, ukakimbilia gari."

Alinitangulia polepole nyuma ya zizi, hadi kwenye kichuguu kikubwa. Vichaka viwili au vitatu vilikuwa vimeota ubavuni mwake, juu ya udongo wa mchwa. Alichuma jani, akaligeuza, akanipitishia kidole changu upande wa chini. Lilikuwa na vinywele. Ulikuwa ule wa Masalu.

"Na ule mwingine, usio na vinywele?" nikamuuliza.

"Huo hatuuchumi," alisema. "Kwani hukujua?"

Nilikata tawi lenye ua na tunda, nikalilaza ndani ya gazeti, nikaandika: Usagara, tarehe, Bibi Nkwimba mwenyewe.

Nilifika Butimba saa moja jioni. Mama Kabula aliona mfuko umerudi na uzito wake.

"Wameyakataa?"

"Wameyarudisha."

"Yote?"

"Moja limefaulu njiani."

Nilichojifunza naweza kukisema kwa ufupi. Kwa miaka kumi na minane nilikataa kuamini mizani ya mtu yeyote kwa maneno, na kwa miaka hiyo hiyo nilikusanya maneno. Madaftari nimeyaweka ndani ya debe lenye mfuniko. Hayafai kusomwa na mtu mwingine, lakini kila ukurasa unaniambia niende wapi na nimuulize nani, na wengine katika hao ni wazee sana.

Usiku huo niliweka vibao vya Mama Kokuteta sakafuni, tawi likiwa katikati. Kamba peke yake niliiona haikazi vya kutosha. Nilifungua sanduku la kazi, nikatoa jiwe la kilo ishirini, lile ninalopimia mizani za watu, nikaliweka juu.

"Yamebaki mangapi?" aliuliza Mama Kabula.

"Mia nne na kumi na moja."

Alilitazama jiwe, kisha akaenda kunitafutia magazeti.